Breki ya Hodi Tatu

Mwalimu Abilahi aliamini kwamba gari ni mtu mzima, na mtu mzima havuliwi nguo hovyo mbele ya mafundi. Kwa imani hiyo hakuwahi kulipeleka gari lake gereji, na kwa imani hiyo hiyo aliwafundisha udereva nusu ya watu wa Lindi. Mimi ni mmoja wao. Nina cheti chake chenye muhuri, na nina kovu kwenye goti la kushoto, ambalo ni ushahidi mzito kuliko cheti.

Nisingefika kwake kama shirika letu lisingefungwa. Nilikuwa mpiga chapa, na nilikuwa hodari. Lakini miaka ile ya tisini mwanzoni serikali ilikuwa imechoka kuwa mwenye duka, mwenye kiwanda na mwenye kila kitu. Mashirika yakawa yanapigwa kufuli moja baada ya jingine. Sisi tuliitwa ukumbini, tukasomewa hotuba ndefu kuhusu soko huria, tukapewa soda ya moto, tukaambiwa asanteni. Mashine yangu ya chapa ilinunuliwa na fundi cherehani asiyejua kusoma. Alisema anaupenda mlio wake.

Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, na sasa sina kazi. Kwa ukoo wetu mwanamke wa namna hiyo ni mzigo uliosahaulika stendi, lazima atokee mtu wa kuuchukua. Kaka yangu akanitumia salamu kutoka Nanyamba kwamba chumba kipo, na kwamba mwisho wa mwezi atakuja kunichukua mwenyewe. Chumba hicho nakijua. Kimegusana na jiko la wifi yangu Agnes, kina dirisha la ukubwa wa sahani, na anayelala humo huamka kabla ya jogoo ili atwange mihogo ya watu wengine. Wifi Agnes ni mcha Mungu sana. Hupenda kukukumbusha kila siku kwamba amekusaidia.

Kwa hiyo nilichukua kiinua mgongo changu chote nikaenda kujifunza udereva. Watu wa Rasbura, mtaani kwetu, walicheka. Nikawaacha wacheke, maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anakwenda kulala nyuma ya jiko la Agnes.

Shule ya Mwalimu Abilahi ilikuwa banda la mabati, benchi moja na gari moja. Gari lilikuwa Datsun ambayo zamani ilikuwa nyeupe, naye aliiita Bi Mkubwa. Kila mwanafunzi kabla ya kuwasha alipaswa kusema, "Shikamoo, Bi Mkubwa," na Mwalimu akaitikia, "Marahaba," kwa niaba ya gari. Ukiwasha bila salamu, linakataa. Baadaye nilikuja kujua kwamba gari lilihitaji muda mfupi tu ili petroli ipande, lakini Mwalimu alikuwa ameugeuza ugonjwa huo kuwa adabu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Kila kilichoharibika alikitungia heshima.

Usukani ulivuta kulia, kwa hiyo tulifundishwa kuukaza kushoto muda wote, kama mtu anayemzuia mlevi asiingie msibani. Gia ya tatu ilikuwa inachomoka, kwa hiyo iliegemezwa na goti, na goti langu likapata kovu. Honi ilikuwa mlango: unatoa mkono dirishani unapiga bati. Breki ya mkono ilibaki mpini tu, Mwalimu akaitumia kutundikia kofia yake. Upande wake, miguuni, palikuwa na pedali ya breki ya mwalimu, ile ambayo kila gari la kufundishia lazima liwe nayo. Haikuunganishwa na kitu chochote. "Hii iko kwa ajili ya heshima ya cheo," alituambia bila aibu. Na mlango wake ulifungwa kwa kamba ya katani.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa breki.

"Breki ni nyumba ya watu," alisema siku yangu ya kwanza, kofia mkononi. "Huvamii. Unabisha hodi. Hodi ya kwanza, kimya. Hodi ya pili, unasikia mtu anajikohoza ndani. Hodi ya tatu, karibu, gari linasimama. Kwa hiyo ya kwanza uikanyage kwa nguvu zote, wasikie."

"Na ya tatu wasipoitikia, Mwalimu?" nikauliza.

"Adabu inasemaje, binti yangu? Ukibisha mara tatu usiitikiwe, unaondoka zako."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka. Alikuwa mchekeshaji, mzee yule, na alikuwa na subira. Wanaume wengine mjini wasingemfundisha mwanamke kuendesha hata toroli. Nilimpenda, na hasira niliyokuja kuwa nayo baadaye ilitoka humo.

Wala hakuwa mvivu. Miaka ya shida alikuwa dereva wa lori la ushirika, wakati tairi moja lilihitaji kibali cha wakubwa na sabuni ilikuwa habari ya gazetini. Inajulikana kwamba mkanda wa feni ulimkatikia porini kati ya Nachingwea na Lindi, akasuka mwingine kwa khanga ya mkewe, na korosho zikafika. Mkewe alilalamikia khanga ile mpaka mwisho wa ndoa. Kwa hiyo Mwalimu alikuwa bingwa wa kuendesha gari bovu, bingwa kabisa, na enzi hizo hapakuwa na gari jingine la kuendesha.

Kisha ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje. Duka la Naushad pale mtaa wa Wahindi, ambalo zamani lilikuwa na rafu tupu na kalenda, likajaa spea kutoka Dubai. Mwalimu naye akanunua. Alinunua seti kamili ya breki, ikiwa kwenye boksi lake, imefungwa kwa nailoni, akaiweka kwenye buti. Ikabaki hapo. Kila mwanafunzi mpya alifunguliwa buti akaonyeshwa. "Spea ninazo," alisema, akapangusa vumbi juu ya boksi kwa leso. Lilikaa mle kama vyombo vya kabatini vinavyosubiri mgeni asiyefika, na sisi tukiwa juu yake tunabisha hodi mji mzima.

Nikapata leseni. Mkaguzi alinipima ndani ya Bi Mkubwa huyo huyo, nami nilimjua Bi Mkubwa kuliko nilivyomjua mume wangu wa zamani. Wiki haijapita, mradi wa maji ukabandika tangazo kwamba unatafuta dereva mkazi wa Lindi, na kwamba wanawake wanahimizwa kuomba. Nililisoma mara mbili. Hapa kwetu sikuwahi kusikia wanawake wakihimizwa kitu chochote isipokuwa kuwahi jikoni kwenye shughuli.

Siku ya majaribio waombaji wote tulikuwa wanafunzi wa Mwalimu Abilahi, maana shule nyingine haikuwepo. Msimamizi wa mradi alikuwa Injinia Eusebio, mtu wa Dar es Salaam, shati limepigwa pasi, miwani, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Gari la mradi lilikuwa refu, jeupe, jipya, bado lina harufu ya dukani.

"Nataka dereva ambaye nikipanda naye chai yangu haimwagiki," alisema. "Sina sharti jingine."

Alianza Ismael, kijana wa Mingoyo, mwanafunzi tuliyemtegemea. Akakaa, akainamisha kichwa mbele ya usukani, akasema, "Shikamoo." Injinia, ambaye wala hakumzidi umri, akaitikia, "Marahaba," akashangaa kidogo. Wakaondoka. Walipofika kwenye geti Ismael akabisha hodi ya kwanza kama tulivyofundishwa, kwa nguvu zote, ili wasikie. Walisikia. Gari lilisimama papo hapo, na chai ikaendelea na safari.

Injinia alirudi na shati la rangi mbili. Akamwita wa pili, naye akafanya vile vile. Zamu yangu ilipofika alikuwa ameacha kikombe kwa mlinzi.

Nilijiambia nisikanyage kwa nguvu. Nilijiambia vizuri sana, lakini mguu haukuwa umeambiwa. Kwanza nilikaza usukani kushoto, na kwa kuwa gari lile halikuvuta upande wowote, lilinitii likaingia kwenye ua wa michongoma. Nikarudi barabarani. Akatokea mbuzi. Nikatoa mkono nipige mlango, kumbe kioo kimefungwa, nikagonga vidole mpaka machozi. Kwa ule mshtuko nikabisha hodi. Miwani ya Injinia ilitoka usoni ikaangukia dashibodi, na yeye akabaki akiitafuta kwa kupapasa huku akisema maneno ya pole pole ya mtu aliyelelewa na masista.

"Nani aliwafundisha ninyi?" alituuliza wote tuliposimama mstari.

Ismael ndiye aliyejibu. "Mwalimu Abilahi, mzee."

"Gari lake likoje?"

Ismael akajipapasa goti la kushoto.

"Jumatatu narudia mara moja," alisema. "Wakubwa wangu wanataka dereva wa hapa. Nisipompata namleta wa Dar, na gari hili ataliendesha yeye." Kisha akamgeukia mlinzi akaomba shati lake jingine.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye banda la mabati. Mwisho wa mwezi ulikuwa wiki iliyofuata, na kaka yangu ni mtu wa ahadi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Umepata?"

Nikamweleza. Alisikiliza akitikisa kichwa, kama daktari anayeelezwa dalili anazozijua.

"Gari la mradi halina adabu," akasema mwishoni. "Linaitikia kabla hujamaliza kubisha. Utoto huo."

"Mwalimu, gari la mradi ni zima. La kwetu ndilo bovu. Umetufundisha ubovu."

Kofia ikaanza kuzunguka mkononi mwake. "Nimeendesha magari tangu hujazaliwa."

"Naomba ulifanyie sevisi, leo au kesho. Spea ziko kwenye buti. Nijifunze breki ya kweli kabla ya Jumatatu."

"Zile?" Akanitazama kama niliyeomba kuchinjiwa ng'ombe wa mahari. "Zile nikizifunga leo, siku mbaya ikija nitafunga nini?"

"Siku mbaya ndiyo hii, Mwalimu."

"Hujaziona wewe siku mbaya. Uliwahi kupanga foleni ya betri? Spea ukiwa nayo haifungwi, inatunzwa. Gari limeshazoea hali yake, nami nimelizoea. Nenda kapumzike."

Nikaenda, ila sikupumzika. Nilikasirika usiku kucha, na kulipokucha bado nilikuwa nimekasirika, kwa hiyo nikajua kwamba hasira ile ina kazi ya kufanya.

Jumamosi asubuhi nilivaa viatu vya kamba nikaenda kuomba kipindi cha marudio. Mwalimu alifurahi, akadhani nimekuja kutaka radhi. Nikamwamkia Bi Mkubwa kwa unyenyekevu wote. Mwalimu akaitikia, akafunga mlango wake kwa kamba, akapiga fundo juu ya fundo, akatundika kofia. Tukaondoka kuelekea nje ya mji, mahali ambapo kwa kawaida tuligeuzia.

"Kata hapo, turudi," akasema.

Sikukata.

"Consolata, umepita."

"Nimeona, Mwalimu."

"Basi simama tugeuze."

"Nabisha, Mwalimu. Hawajaitikia."

Nilikuwa naongopa. Mguu wangu ulikuwa umetulia sakafuni. Akanikodolea macho, kisha, jambo ambalo sijui kama aliwahi kulifanya maishani, akakanyaga pedali yake. Iligonga bati. Akaikanyaga tena.

"Hiyo iko kwa heshima ya cheo," nikamkumbusha.

"Unanipeleka wapi?"

"Mingoyo, kwa Mikaeli."

Mikaeli alikuwa fundi wa pale njia panda, mtu mnene mwenye majivuno, ambaye kila Bi Mkubwa alipopita alivua kofia kama anayeaga maiti. Mwalimu hakuwa amemsemesha kwa miaka.

"Huu ni utekaji," akasema.

"Ni marudio, Mwalimu."

Aliniamrisha, akanitisha, akanibembeleza, akaniambia habari ya polisi na habari ya kiama. Lakini ualimu ulikuwa umemwingia mwilini. Katikati ya vitisho akawa anasema, "Goti hilo, goti, gia inatoka," na mimi nasema, "Asante, Mwalimu," nabana goti. Tulikwenda hivyo kilomita nyingi. Kusema kweli nilikuwa sijawahi kuendesha vizuri kiasi kile.

Kabla ya Mingoyo barabara inateremka, na chini kuna mashamba ya chumvi. Nilipouona mteremko nikabisha hodi ya kwanza, safari hii kwa kweli. Kimya, kama kawaida. Nikabisha ya pili. Sikusikia mtu akijikohoza. Nikabisha ya tatu, na pedali ikazama mpaka chini ikabaki huko, laini, kama mguu umeingia kwenye uji.

"Mwalimu," nikasema, "hawaitikii."

"Acha mzaha sasa. Umeshinda. Simama."

"Sifanyi mzaha."

Alinitazama usoni, akaona. Bi Mkubwa alikuwa anachapuka. Niliivuta gia ya pili, ikapiga kelele ikakataa. Breki ya mkono ilikuwa na kofia. Chini kule wanawake walikuwa wanavuka barabara na mabeseni ya chumvi kichwani, wanaongea, hakuna hata mmoja anayetazama juu, nami nikapiga mlango kwa mkono wote, bam, bam, bam, na wao wakadhani ni dereva mwenye maringo.

Niliogopa. Niliogopa mpaka chumba kile cha nyuma ya jiko la Agnes kikawa mbele ya macho yangu, na dirisha lake la sahani, na kikaonekana mahali pazuri sana pa kuishi.

Nikamgeukia Mwalimu anisaidie. Mwalimu alikuwa anafungua kamba.

Alikuwa ameinamia fundo, anavuta kwa meno, midomo inasoma dua. Kwanza sikuelewa. Kisha nikakumbuka somo la siku ya kwanza: ukibisha mara tatu usiitikiwe, unaondoka zako. Fundo likaachia, mlango ukafunguka, na Mwalimu Abilahi akaondoka zake. Nilimwona kwenye kioo akibingirika kwenye tope la shamba la chumvi, viatu juu, kama gunia lililoanguka kwenye lori.

Nikabaki na Bi Mkubwa. Wale wanawake sasa walikuwa wametuona, mabeseni yakaruka huku, wao wakakimbia kule. Kushoto palikuwa na lundo kubwa la chumvi linalosubiri magunia. Gari lilitaka kulia, kama lilivyotaka maisha yake yote. Nikaukaza usukani kushoto kwa mikono miwili na tumbo na kila ngumi niliyowahi kutamani kumpiga mtu, na tukaingia kwenye chumvi.

Ilikuwa kimya. Chumvi ilikuwa mapajani, nyweleni, mdomoni. Boneti haikuonekana. Mwanamke mmoja akaja akachungulia dirishani.

"Dada, u mzima?"

"Mzima."

"Mwenzio yule mbona alishuka kabla ya kituo?"

Wakaanza kucheka, na kwa kuwa walikuwa watu wema wakacheka huku wakilisukuma gari mpaka kwa Mikaeli, ambaye hakuwa mbali. Mikaeli alivua kofia alipotuona, kama desturi yake. Nilimwambia aivae.

Mwalimu alifika kwa miguu, tope mpaka kiunoni, kiatu kimoja. Alisimama mbele yangu, akashindwa pa kuweka mikono, maana kofia ilikuwa garini.

"Nilifikiri..." akaanza. "Binti yangu, si unajua, nilibisha—"

"Mimi ndiye niliyebisha," nikamwambia. "Wewe ulikuwa ndani na mimi."

Nilikuwa nimeandaa mengine makali zaidi, lakini uso wake ulimshuka, na nikaona kwamba hakuwahi kufikiri, hata mara moja katika miaka yote ile, kwamba upande wa pili wa mzaha wake kuna mtu anabaki kwenye usukani. Sikumwonea huruma wakati ule, naomba nisisingiziwe.

Akaenda nyuma ya gari, akafungua buti, akatoa lile boksi. Hakulipangusa. Alimkabidhi Mikaeli kwa mikono miwili.

Mikaeli alifungua magurudumu huku akituhubiria. Layini za breki zilikuwa zimekwisha siku nyingi, chuma kilikuwa kinasaga chuma, na mafuta ya breki yalikuwa yakivuja tone kwa tone tangu enzi ambazo yeye alizitaja kwa majina ya marais. Aliurekebisha usukani ukakaa mahali pake, akaunganisha mpaka ile pedali ya cheo. Alijisifu sana. Alikuwa na haki, ila angeweza kupunguza. Jioni ilipoanza kuingia akasema, "Mchukueni mgonjwa wenu."

Mwalimu akakaa kwenye usukani, kwa kuwa gari ni lake. Akaliondoa taratibu. Alipofika njia panda akabisha hodi ya kwanza, kwa nguvu zote, ili wasikie. Paji la uso wake liligonga usukani, na honi, ambayo Mikaeli alikuwa ameifufua bila kutuambia, ikalia mpaka kuku wakaruka. Akajaribu tena. Likasimama tena hivyo hivyo. Mara ya tatu akazima injini, akakaa.

"Silijui," akasema. "Silijui hili gari."

Akashuka. Tukabadilishana viti.

Niliendesha mpaka Lindi. Huko njiani nilijifunza breki, peke yangu, kwa mguu ulioogopa, nikikanyaga kidogo kidogo mpaka nikajua pale inapoanza kushika. Kila nilipokanyaga, kichwa cha Mwalimu kilikwenda mbele na kurudi. Hakulalamika, wala hakusema kitu juu ya goti.

Jumatatu Injinia Eusebio alikuja na shati jeusi. Alifunga mkanda, akavua miwani akaitia mfukoni. Ismael na wenzake niliwaelekeza kadiri nilivyoweza, lakini breki haielezeki kwa mdomo. Walirudi mmoja mmoja, wameinamisha vichwa.

Nilipoingia mimi sikulisalimu gari. Niliondoka. Nilishika usukani bila kuukaza, ukaenda mahali nilipotaka. Karibu na soko mtu mwenye baiskeli iliyojaa mihogo akakata mbele yetu bila kutazama. Mguu wangu wote ulitaka kubisha. Niliuzuia, nikakanyaga mara moja, polepole, kama nilivyokanyaga njia nzima ya kutoka Mingoyo. Gari likapunguza, likasimama. Mtu wa mihogo akapita anapiga mluzi.

Injinia akatoa miwani, akaivaa, akanitazama. "Mguu unatetemeka."

"Unatetemeka," nikakubali. "Lakini gari limesimama."

"Kesho saa mbili uje," akasema. "Na mlinzi mwambie anirudishie kikombe changu."

Mwisho wa mwezi kaka yangu alikuja kama alivyoahidi. Nilimpakia kwenye gari la mradi, kwa ruhusa, nikamrudisha stendi na salamu nyingi kwa wifi. Alipokuwa anashuka akaniuliza kama ningeweza siku moja kupita Nanyamba, Agnes alione gari.

Mwalimu Abilahi hakufungua banda wiki ile. Watu walisema anaumwa, wengine wakasema anauza gari. Mimi sikwenda kumtazama. Bado nilikuwa nakiona kile kiatu chake juu ya tope.

Kisha asubuhi moja, nikiwa nakunywa chai kabla ya kwenda kazini, nikasikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Ilikuwa sauti yake. Nikaweka kikombe chini, nikangoja ya pili. Haikuja. Nikangoja ya tatu, nayo haikuja. Nikasogea nikachungulia pembeni ya pazia. Alikuwa amesimama uani, kofia mkononi, viatu vyote viwili vimepakwa kiwi, na nyuma yake Bi Mkubwa ameegeshwa barabarani, ameoshwa, mlango wa abiria umefungwa kwa kitasa kipya.

Alikuwa amebisha mara moja tu, na sasa alikuwa anangoja.

Nikamwacha asimame kidogo, aone ilivyo mtu akichelewa kukuitikia. Hakuondoka. Jua likampanda mabegani, akahamisha kofia mkono huu kwenda ule, akabaki pale pale.

"Karibu, Mwalimu," nikasema, nikafungua. "Leo kaa wewe kwenye usukani. Mimi nitakaa kwenye pedali ya cheo."